Hataza ya dawa inapopunguzwa kwa hiari: mama, inamhusu vipi mtoto wako mwenye kifua kikuu sugu?

Mama, ukifika kliniki ya kifua kikuu hapa Songea hulipii dawa. Upimwe, uandikiwe, upewe vidonge, urudi nyumbani Mjimwema au Lizaboni bila kutoa shilingi. Hilo wengi tunalijua. Ndiyo maana bibi mmoja anayelea mjukuu wake alinishangaa siku nilipomwambia kwamba dawa ya mtoto ni ghali na asiache hata kidonge kimoja kipotee. Akaniuliza, "Mwanangu nesi, kitu cha bure kinakuwaje ghali?"

Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Dawa ni bure kwako kwa sababu kuna mtu mwingine amelipa: serikali pamoja na wafadhili. Fedha yao ina kikomo. Kidonge kikiwa na bei kubwa, fedha ileile inatosha wagonjwa wachache. Kikishuka bei, inatosha wengi. Na bei ya kidonge, kwa dawa mpya, inategemea sana karatasi moja ambayo wewe na mimi hatujawahi kuishika mkononi. Karatasi hiyo inaitwa hataza.

Leo nataka nikueleze hataza ni nini, mwenye nayo anaipunguzaje kwa hiari yake, na kwa nini jambo hilo lilipofanyika mwaka 2023 lilimgusa mtoto mwenye kifua kikuu sugu hata huku Ruvuma.

Kwanza, tulikotoka

Kifua kikuu sugu ni kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi. Kinaweza kumpata mtu aliyeacha dawa njiani, lakini pia kinaambukizwa moja kwa moja. Mtoto ambaye hajawahi kumeza dawa hata moja ya kifua kikuu anaweza kupata kile sugu kutoka kwa baba, shangazi au mpangaji wa chumba cha pili. Kwa hiyo tafadhali usimnyooshee mtu kidole kwamba "alikuwa mzembe".

Nilipoanza kazi ya uuguzi, ugonjwa huu ulitibiwa kwa sindano. Sindano kila siku, kwa miezi mingi, pamoja na vidonge vingi ambavyo vilimtapisha mgonjwa. Mojawapo ya sindano hizo ilikuwa kanamaisini. Katika kituo nilichokuwa wakati ule nilikuwa namdunga kijana mmoja. Alikuwa mcheshi, alikuwa akinitania kila asubuhi. Siku moja nilimwita akiwa amenipa mgongo, hakugeuka. Nikamwita tena. Nikadhani ananifanyia utani wake. Hakuwa anatania. Sindano nilizokuwa namdunga kwa mkono wangu zilikuwa zinamwondolea usikivu, na hatukuwa na kipimo cha masikio pale cha kutuonya mapema. Kifua kilipona. Masikio hayakurudi.

Nakwambia haya si kukutisha, bali ujue thamani ya kidonge alichopewa mtoto wako. Kwa mtoto mdogo, kupoteza usikivu ni kupoteza na lugha pia, kwa sababu mtoto hujifunza kusema kwa kusikia.

Desemba 2012 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo bedakwilini, inayouzwa na kampuni ya Johnson & Johnson kwa jina la Sirturo. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kifua kikuu ya aina mpya kabisa baada ya zaidi ya miaka 40. Inamezwa, haidungwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa dawa za mstari wa mbele kwa kifua kikuu sugu, na likaacha kupendekeza kanamaisini. Mwaka 2020 kikaidhinishwa kidonge chake kidogo cha miligramu 20, ambacho huyeyushwa kwenye maji kwa mtoto asiyeweza kumeza. Mwaka 2022 Shirika hilo likaruhusu itumike hata kwa watoto wa chini ya miaka 6.

Basi dawa ipo. Kwa nini isitengenezwe na kila kiwanda, bei ikashuka?

Hataza ni nini?

Hataza ni haki ambayo nchi inampa mtu au kampuni iliyovumbua kitu kipya. Kwa kawaida inadumu miaka 20 tangu siku ya kuomba. Katika muda huo hakuna mwingine anayeruhusiwa kutengeneza au kuuza kitu hicho bila idhini ya mwenyewe. Kwetu Tanzania Bara rejista ya hataza iko BRELA, na pia tumo katika shirika la Afrika la miliki bunifu, ARIPO, lenye makao yake Harare, ambako mvumbuzi anaweza kuomba mara moja kwa nchi kadhaa.

Ndani ya hataza, sehemu yenye nguvu inaitwa madai. Madai ndiyo yanayosema ulinzi unaanzia wapi na kuishia wapi. Chukulia shamba la ekari kumi kule Namtumbo. Hati ya shamba ina ramani inayoonyesha mipaka: huku mto, kule barabara. Madai ni ile ramani. Kilicho ndani ya mpaka ni chako, jirani akilima humo unamshitaki. Kilicho nje, hakikuhusu.

Dawa moja inaweza kuwa na hataza zaidi ya moja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Bedakwilini ilikuwa na hataza ya msingi, ya kiini chenyewe cha dawa, iliyoombwa mwaka 2003. Hiyo katika nchi nyingi iliisha Julai 18, 2023. Lakini kampuni ilikuwa imeomba nyingine baadaye, ya umbo la chumvi la dawa hiyohiyo. (Si chumvi ya mboga, mama. Wakemia huita hivyo umbo ambalo kiini cha dawa huunganishwa na asidi ili kitengenezeke kuwa kidonge kizuri.) Hiyo ya pili, pale ilipokubaliwa, ingeendelea hadi mwaka 2027. Yaani shamba la kwanza linaisha muda, lakini mwenyewe ana hati ya kipande kinachozunguka njia ya kuingilia. Huwezi kufika ndani bila kumkanyagia.

Miaka minne si mingi kwa kampuni. Kwa mtoto wa miaka miwili mwenye kifua kikuu sugu ni maisha yake mara mbili.

Mwenye hataza anaipunguzaje mwenyewe?

Ziko njia mbili, na nakuomba uzitofautishe kwa sababu hazina nguvu sawa.

Ya kwanza ni ya kisheria. Mwenye hataza anakwenda kwenye ofisi iliyompa na kusema: punguzeni madai yangu, mpaka uishie hapa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, kwa mfano, ina utaratibu huo tangu Desemba 13, 2007. Marekani nako mwenye hataza anaweza kulikana dai moja na kuyabakiza mengine. Ramani inachorwa upya. Kipande kilichoachwa si chake tena, na akiuza hataza kesho, mnunuzi hakipati. Kule Ulaya sheria inakwenda mbali zaidi: kipande hicho kinahesabiwa kwamba hakikuwahi kuwa chake tangu mwanzo.

Kwa nini mtu apunguze mali yake? Mara nyingi si kwa huruma. Kampuni inapoomba hataza hujaribu kuchukua eneo kubwa kadiri inavyoweza. Baadaye inagundua kuwa sehemu fulani ilikuwa tayari inajulikana na watu, na mpinzani akiligusa hilo mahakamani hataza yote inaweza kuanguka. Kwa hiyo inakata sehemu dhaifu ili kuokoa iliyo imara. Hakuna ubaya. Ni hesabu tu.

Njia ya pili ni ahadi. Hati inabaki vilevile, ramani haiguswi, ila mwenyewe anatangaza hadharani: katika nchi hizi na hizi, limeni, sitamshitaki mtu. Ulinzi umepungua kwa vitendo, lakini kwenye rejista hakuna mstari uliofutwa.

Kilichotokea na bedakwilini mwaka 2023 ni hii ya pili.

Jinsi ilivyotokea

Haikuanzia kwenye ofisi za kampuni. Mwaka 2019 wanawake wawili walipeleka pingamizi India dhidi ya lile ombi la hataza ya pili. Mmoja ni Nandita Venkatesan wa India, mwingine Phumeza Tisile wa Afrika Kusini. Wote wawili waliugua kifua kikuu, wakapona, na wote wawili walipoteza usikivu kwa sababu ya dawa za sindano. Niliposoma habari zao nilimkumbuka yule kijana wangu.

Kwa nini India? Kwa sababu viwanda vyake ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya dawa za bei nafuu tunazomeza Afrika. Nchi maskini zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutotekeleza hataza za dawa hadi Januari 1, 2033, na Tanzania imo katika kundi hilo. Lakini ruhusa hiyo inakusaidia nini kama kiwanda kilicho Mumbai kimefungwa mikono? Mlango ukifungwa India, sisi tunabaki na ruhusa isiyo na dawa.

Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ililikataa ombi hilo. Kumbuka basi kwamba kipande hiki hakikuachwa kwa hiari, kilikataliwa. Lakini hataza ya pili ilikuwa imekwisha kukubaliwa katika nchi nyingine nyingi, na huko kiwanda cha India kisingeweza kuuza.

Julai 2023, hataza ya msingi ikikaribia kuisha, kelele zilizidi. Mashirika ya wagonjwa, Madaktari Wasio na Mipaka, na mwandishi wa vitabu wa Marekani John Green pamoja na wafuasi wake wakaibana kampuni hadharani. Mwezi huohuo kampuni ikakubali kwamba chombo cha dunia cha kununua dawa za kifua kikuu, kinachojulikana kwa kifupi kama GDF, kinunue bedakwilini ya viwanda vingine kwa ajili ya nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati. Baadhi ya nchi ziliachwa nje ya mpango huo. Septemba, tume ya ushindani ya Afrika Kusini ikafungua uchunguzi juu ya kampuni hiyo. Na Septemba 30, 2023 Johnson & Johnson ikatangaza kwamba haina nia ya kutekeleza hataza zake za bedakwilini katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati.

Tangazo lilikuwa na masharti. Dawa ya viwanda vingine iwe na ubora unaokubalika kitabibu, na itumike ndani ya nchi hizo 134 tu. Nje ya hapo, ukuta unabaki.

Je, hiyo ilikuwa hiari kweli? Mimi nadhani mtu aliyesukumwa hadi mlangoni kisha akatoka mwenyewe ametoka kwa hiari nusu. Lakini simlaumu aliyetoka. Kama mlezi, kinachokuhusu ni kwamba mlango ulifunguka.

Bei ilifanya nini?

Mwaka 2018 kampuni ilitangaza bei ya dola 400 kwa matibabu ya miezi sita ya mtu mzima. Mwaka 2020 ikawa dola 340. Agosti 2023, baada ya GDF kuitisha zabuni ambayo kiwanda cha India, Lupin, nacho kilishiriki, bei ya Johnson & Johnson ikashuka hadi dola 130, na ya Lupin ikawa dola 194.

Hebu tupige hesabu kama tunavyopiga ya mahindi. Fedha iliyomtosha mgonjwa mmoja mwaka 2018 inawatosha watatu kwa bei ya 2023, na chenji inabaki. Mtu mzima anameza vidonge 188 kwa miezi hiyo sita: vinne kila siku kwa wiki mbili, kisha viwili mara tatu kwa wiki. Kwa bei ya dola 400 kila kidonge kilizidi dola mbili. Kwa bei ya dola 130 kila kimoja hakifiki senti 70. (Usitumie hesabu hii kumpimia mtoto. Dozi ya mtoto inakwenda na uzito wake, na daktari ndiye anayeipanga.)

Ona pia kwamba aliyeshusha bei sana ni yuleyule mwenye hataza. Ilitosha mshindani kuruhusiwa kusogea kwenye uzio.

Hilo ndilo jibu nililompa bibi. Nilimwambia: kidonge hiki ni bure kwako, lakini kuna watu walipoteza masikio yao, kisha wakapigana ili kifike mkononi mwako kwa wingi. Akakaa kimya kidogo, akaomba mfuko mwingine wa kuhifadhia dawa, ule aliokuja nao ulikuwa umetoboka.

Kilichobaki bila kufungwa

Sitakuficha. Ahadi ni ahadi. Haikufuta kitu kwenye rejista, na nchi zilizo nje ya orodha hazikupata chochote. Ningekuwa na sauti ningeomba kampuni zitumie njia ya kwanza, ile ya kuchora ramani upya, hasa kwenye madai yanayohusu dawa za watoto. Soko la vidonge vya watoto ni dogo. Watoto wenye kifua kikuu sugu ni wachache ukilinganisha na watu wazima, na kiwanda kinasita kutengeneza dozi ndogo kwa wateja wachache. Ukimwongezea na hofu ya kushitakiwa siku za mbele, hatatengeneza kabisa. Mpaka uliofutwa kwenye karatasi unamtoa hofu. Neno la mdomo, hata likitangazwa dunia nzima, linamwacha akiulizia wanasheria wake.

Na bei ikishuka namna gani, dawa haimfikii mtoto ambaye hajagunduliwa. Hapo kazi ni yetu mimi na wewe.

Wewe ufanye nini?

Kama mtoto anakohoa wiki mbili au zaidi, ana homa isiyoisha, haongezeki uzito kwenye kadi ya kliniki, au ameacha kucheza kama zamani, mlete. Usisubiri makohozi. Watoto wadogo hawajui kukohoa makohozi, wanayameza. Uliza kama kituo chenu kinaweza kupima choo cha mtoto kwa mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo huonyesha vijidudu vya kifua kikuu na pia kama vimekuwa sugu kwa dawa muhimu ya rifampisini.

Kama nyumbani kuna mtu anayetibiwa kifua kikuu sugu, taja neno hilo "sugu" ukifika. Ni muhimu sana. Muuguzi asipolijua anaweza kumwanzishia mtoto dawa za kawaida ambazo hazitamsaidia, na miezi inapita. Kama mgonjwa huyo ametibiwa mkoa mwingine, machimboni au Dar es Salaam, njoo na kadi yake au hata picha ya kadi kwenye simu.

Mtoto akianzishiwa bedakwilini, apimwe moyo kwa mashine kabla na wakati wa matibabu, kwani dawa hii inaweza kubadili mapigo. Akizimia, akilalamika moyo unakwenda mbio, au akitapika sana, mrudishe siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Usimpe dawa nyingine yoyote ya dukani bila kutuuliza. Kidonge cha miligramu 20 unakiyeyusha kwenye maji kidogo, na unampa pamoja na chakula, kwa sababu kwa tumbo tupu mwili unaichukua kidogo. Uji mzito unatosha. Ukiona mabaki chini ya kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, ampe amalizie.

Na kama siku moja ukifika kliniki ukaambiwa dawa imeisha, usiondoke kimya. Uliza itafika lini, uliza kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wanayo, na mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako afuatilie. Andika tarehe uliyoambiwa.

Mjukuu wa yule bibi yuko mwezi wa tano wa matibabu sasa. Wiki iliyopita nilikwenda kuwatembelea, nikamwita mtoto kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ndogo tu. Akageuka.